Mgonjwa wa Moyo Haambiwi

Dada yangu alizikwa Ujiji siku ya Jumatano, baada ya swala ya alasiri. Saa hiyo mimi nilikuwa hospitalini naendesha baiskeli isiyokwenda popote, mkono wa kushoto umefungwa mkanda wa kupimia presha, na nilikuwa nacheka. Nilikuja kujua siku kumi na moja baadaye. Kwa hiyo mtu akiniuliza maradhi yangu ya moyo yaliniuma wapi, sianzi na kifua.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona pale Mwanga, upande wa nyuma wa soko, kwa zaidi ya miaka thelathini: sare za shule, kanzu, magauni ya vitenge vya Kongo. Nina sifa mbili mjini. Mshono wangu haufumuki, na mdomo wangu haufungiki. Mke wangu alifariki miaka miwili kabla sijaugua. Mtoto ni mmoja, binti, mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa na anakaa Gungu. Katika ndugu wa tumbo moja tulikuwa tumebaki wawili: mimi, na dada yangu mkubwa wa Ujiji, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shamba.

Kifua kilinibana asubuhi moja nikiwa nakata suruali. Nilidhani ni kiungulia cha mawese ya jana yake, nikaendelea kukata. Jasho likanitoka, mkono ukafa ganzi, mkasi ukaanguka. Majirani wa kibandani walinipakia kwenye bajaji wakanikimbiza hospitali, nikalazwa siku tisa. Daktari aliniambia kwamba mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba na sehemu ya moyo imedhoofika, lakini si mwisho wa dunia. Nitameza dawa kila siku, nitaacha chumvi nyingi, na nitafanya mazoezi. "Lakini usijianzishie mwenyewe," alisema. "Utafanya ukiwa unasimamiwa, hapa hapa."

Binti yangu alisikia neno dawa na neno chumvi. Neno mazoezi lilimpita.

Kwetu mgonjwa wa moyo huwekwa kama yai. Hasemeshwi kwa sauti, hashtuliwi, habebi hata birika. Nilipofika nyumbani kwangu Rusimbi nilikuta redio haipo, imepelekwa Gungu, eti taarifa ya habari ina vita na ajali. Mpira nilikatazwa kabisa. Cherehani yangu, ile ya kukanyaga kwa miguu, ilifunikwa shuka ikafungiwa chumba cha pili, na ufunguo akauchukua binti. Wageni walikuja kunijulia hali, wakakaa robo saa wakiangalia mkeka, wakaniambia kila kitu ni kizuri. Bei ya vitambaa ni nzuri. Mvua ni nzuri. Ziwa limepanda mpaka kwenye milango ya watu huko ufukweni, nilikuwa nimeliona kwa macho yangu kabla sijaugua, lakini nilipouliza nikaambiwa limeshuka. Nikawa naishi katika mji ambao hakuna anayekufa, hakuna anayeugua wala anayegombana na mumewe. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata wiki aliyofariki mke wangu, maana wiki ile angalau watu walilia mbele yangu.

Aliyekuwa akiniambia ukweli ni dada peke yake. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kuja Rusimbi. Mimi nami nilikatazwa kwenda Ujiji. Binti alisema barabara ina matuta, na nikifika kule nitasikia mambo. Tulikuwa tukipigiana simu kila siku baada ya magharibi. "Mwidiwe, fundi," alikuwa akinisalimu kwa Kiha, halafu anaanza: nani kafumaniwa, nani kauza kiwanja cha urithi, nani kafa. Alinipa misiba yote ya Ujiji kwa simu, na moyo wangu haukusimama hata mara moja. Nilikuwa nikicheka, nikimsema, nikilala vizuri. Tuliahidiana kwamba nikimaliza mazoezi nitamwendea kwa miguu yangu, japo ni kutoka barabarani tu mpaka mlangoni kwake.

Mazoezi yenyewe niliyapata kwa ugomvi. Nilimwambia binti kama hanipeleki nitapanda bodaboda. Bodaboda kwake ilikuwa jeneza lenye injini, akanipeleka kwa bajaji. Chumba kilikuwa nyuma ya wodi, kidogo, kina baiskeli mbili za kusimama, ngazi ya mbao ya vidato vitatu, kitanda kimoja, na dirisha ambalo ukisimama vizuri unaliona ziwa. Tulianza wagonjwa wanne. Baada ya wiki tatu nilibaki peke yangu katika saa yangu. Wenzangu ndugu zao waliwatoa. Walisema moyo mgonjwa hauchokozwi.

Msimamizi alikuwa mtaalamu wa mazoezi tiba, msichana kutoka Njombe, hana hata shemeji Kigoma hii. Koti lake jeupe lilikuwa limefumuka pindo upande mmoja na alikuwa amelibana kwa stepla. Niliona stepla kabla ya kumwona uso. "Shikamoo mzee," alisema. Nikaitikia, nikamwambia kwamba mimi nilinyang'anywa cherehani kwa sababu ya kukanyaga, na sasa nimeletwa hospitali nikanyage. Hakucheka. Aliandika presha yangu kwenye kadi ya kijani.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kabla sijapanda ananipima presha, ananiuliza kama nimemeza dawa, nimekula nini, nimelalaje, kifua kikoje. Nikiwa na neno lolote baya, sipandi. Tunaanza polepole mno mpaka naona haya, dakika tano, halafu anakaza kidogo. Kila baada ya muda ananishika kifundo cha mkono anahesabu mapigo. Na muda wote lazima niongee.

"Niongee nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Chochote, mzee. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kutweta, moyo unafanya kazi inayoufaa. Ukiweza kuimba, unanidanganya, nitakaza. Ukinyamaza, nitajua umezidisha."

Basi mimi mzima, niliyekuwa nikikaa ndani siku nzima nikiambiwa mvua ni nzuri, nikapewa dakika ishirini mara tatu kwa wiki za kuongea kwa amri ya daktari. Niliongea kama maji ya bomba lililozibuliwa. Nilimweleza kuhusu wateja wangu, kuhusu marehemu mke wangu, lakini zaidi kuhusu dada. Yule msichana hakuwa na mtu wa kumsikiliza mjini zaidi ya wagonjwa, nami sikuwa na mtu wa kumwambia. Nyumbani nilimhesabia dada mwendo kwa simu, kana kwamba baiskeli ile inakwenda: leo nimeendesha mpaka Kidahwe, leo nimefika Kasulu. Dada akasema nikifika Kibondo nimletee asali.

Wiki ya nne nilifanya ujinga. Msichana alitoka mlangoni kuzungumza na muuguzi, nami nikageuza kile kitufe cha kukazia baiskeli. Nilikuwa nimechoka kuendeshwa kama mwali. Nilikanyaga kama natimiza sare za shule nzima. Aliporudi sikuwa nimeanguka, wala sikuwa nimeshika kifua. Nilikuwa nimenyamaza tu. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee, umenyamaza." Akalegeza kitufe, akanizuia nisishuke ghafla, akanifanya nikanyage taratibu mpaka pumzi ikarudi, kisha akanilaza na kunipima kila dakika chache. Jasho la juu ya mdomo wangu alilifuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Hapa ukikosea nipo mimi, ipo oksijeni, daktari yuko mlango wa tatu," aliniambia. "Kule nje ukikosea nani yupo?"

Nilijua tu kwamba katika watu wote walioniogopea, huyu ndiye pekee aliyeniogopea na bado akanipa kazi ya kufanya. Nikamwamini.

Jumatatu ya wiki ya saba simu ya dada haikupatikana. Binti alisema imeingia maji, ipo kwa fundi. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano asubuhi binti akanipigia kwamba msimamizi ana kikao, leo mazoezi ni saa kumi alasiri. Alikuja mwenyewe kunichukua. Alikuwa amevaa baibui siku ya kazi, na macho yake mekundu. Alisema ni mafua. Mimi fundi, naijua nguo ya mtu kabla ya salamu yake, na siku ile niliiona nguo nikashindwa kuelewa. Alinifikisha, akasema ana dharura shuleni, akaondoka karibu anakimbia.

Msichana alinipima mara mbili. Akaniambia nipande, akaniambia niongee. Nilikuwa na hamu ya dada kwa kuwa siku tatu sijamsikia, nikamsimulia habari ya kanga. Nilikuwa na miaka saba au minane. Dada alinifundisha kushika sindano, akanipa kanga yake ya pekee ya kutokea nikunje pindo. Nilikaa chini, nikaipakata, nikashona kwa bidii mpaka mwisho, na niliposimama kanga nayo ikasimama nami: nilikuwa nimeishona pamoja na kaptula yangu. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Alinitembeza mtaa mzima nikiburuta kanga, akiwaambia watu tazameni, fundi huyu.

Nilicheka nikisimulia. Msichana hakucheka, alikuwa akiangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini zikapita, akasema pumzika kidogo, halafu akasema, "Ongeza, mzee, leo moyo wako uko vizuri." Nikaongeza. Nikapanda na vidato vya ngazi, nikarudi kwenye baiskeli. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshasikika zamani. Niliposhuka nilijiona kijana, na jioni nilijaribu tena simu ya dada ili nimwambie nimefika Kibondo. Haikupatikana, wala siku zilizofuata; binti alisema fundi bado anangoja kifaa.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda soko la Mwanga kwa miguu. Nilikuwa nimeruhusiwa kutembea njia ya tambarare, polepole, nikiwa na dawa ya kuweka chini ya ulimi mfukoni. Mama mmoja anayeuza dagaa, mteja wangu wa siku nyingi, aliniona akasimama.

"Pole na msiba, fundi."

Nikamshukuru. Nikamwambia ni miaka miwili sasa, tumeshazoea. Nilidhani anasema mke wangu.

Akanitazama. "Wa Ujiji, baba. Wa dada yako."

Yule mama alivuta gunia la dagaa lililojaa akanikalisha. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka harufu ya dagaa, na kwamba nilijishika kifundo cha mkono mwenyewe kama nilivyozoea kushikwa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, halafu ukapunguza, ukaendelea. Niliudhika nao kwa kuendelea.

Binti alipokuja jioni aliniona usoni akajua. Alipiga magoti pale mlangoni.

"Baba, mgonjwa wa moyo haambiwi. Tulikaa ukoo mzima tukakubaliana. Tuliogopa tungechimba makaburi mawili."

"Mngechimba," nilimjibu. "Koleo ni lile lile."

Nilimuuliza nani aliingia kaburini. Kwetu Waislamu mwanamke hushushwa na maharimu wake, mtu asiyeweza kumwoa: baba, mtoto wa kiume, kaka. Dada alizaa mabinti watupu. Baba yetu hayupo. Mkono uliotakiwa kumpokea dada yangu na kumlaza ubavu wa kulia ulikuwa mkono wangu, hakuna mwingine aliyenitangulia. Binti alisema aliingia mume wa mtoto wake mkubwa. Kijana mzuri tu, sina neno naye, na sheria inamruhusu. Lakini hakubebwa mgongoni na dada yangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kifo hawakumtaja, labda hawakudhani atazaliwa.

Niliwafukuza wote. Siku nyingi sikupokea simu ya binti. Hospitali sikwenda. Watu walikuja kunipa pole iliyochelewa, kwa sauti zile zile za chini, na nikiwauliza aliugua nini, alilala siku ngapi, alisema nini, walinijibu kwamba alikwenda vizuri, tumshukuru Mungu. Walikuwa wananificha hata maiti niliyokwisha kuijua. Nilikaa ndani peke yangu nikisubiri magharibi, na magharibi ilipofika sikuwa na pa kupiga.

Lilikuwa limebaki jambo moja nililolitaka duniani, kusimama kaburini kwake. Asubuhi moja nikapanda gari mpaka Ujiji, nikashuka barabarani, nikashika njia ya makaburini. Ni njia ya mchanga, inapanda kidogo, mtu mzima huimaliza kwa dakika kumi. Nilikuwa sijanywa chai, dawa ya asubuhi nilikuwa nimeisahau au nimejisahaulisha, na nilitembea kwa hasira. Katikati ya njia kifua kikanibana kama siku ile ya mkasi. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, nikaweka kidonge chini ya ulimi. Nilianza kusema kitu kwa sauti ili nijipime, nikagundua sentensi haimaliziki. Hakukuwa na mtu wa kuniambia umenyamaza. Niliyaona makaburi mbele yangu, mwendo wa uwanja mmoja wa mpira, na sikuyafikia. Maumivu yalipoisha nilirudi barabarani hatua kwa hatua, nikipumzika kila ukuta. Sikumwambia mtu yeyote.

Kesho yake nilirudi kwenye kile chumba. Sikwenda kufanya mazoezi, nilikwenda kugombana.

Msichana alisimama aliponiona. "Shikamoo mzee." Sikuitikia. Nikamwambia alete kadi yangu. Akaitoa, na hakujifanya hajui ninachotafuta. Aliiweka mezani imefunguka penyewe. Kila siku imeandikwa dakika ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano. Jumatano ile imeandikwa arobaini na tano, pamoja na ngazi, na mapigo yangu kila yalipohesabiwa. Sikuwa nimejua kwamba naye alikuwemo. Nilikuwa nimedhani binti alimdanganya habari ya kikao kama alivyonidanganya mimi.

"Hukuwa na kikao," nikasema.

"Sikuwa nacho. Mwanao alikuja asubuhi analia. Aliniomba nikuweke hapa mpaka wamalize kuzika. Nilifikiri ukisikia kwa bahati mbaya, ukapata shida, bora iwe hapa nilipo mimi na oksijeni."

"Kama hapa ni salama kiasi hicho, kwa nini hukuniambia hapa?"

Alikuwa akikigusagusa kile kipini cha stepla kwenye pindo la koti lake.

"Nilikuacha unisimulie habari zake," akasema mwishowe. "Ile ya kanga. Nilikuwa naangalia saa. Nilikosea, mzee. Ningekuambia pale pale ukiwa umekaa, nimekushika mkono."

Nilitaka kumtukana na tusi lilikuwa tayari. Lakini yeye ndiye wa kwanza kuniambia neno hilo. Ukoo mzima uliniambia ilikuwa kwa heri yangu.

"Siku ile ningeweza?" nilimuuliza. "Kutembea na jeneza. Kuingia kaburini, nimpokee, nipandishwe tena juu."

Alivuta kadi, akaisoma kana kwamba hajaiandika yeye. "Kubeba jeneza, hapana. Kutembea nyuma yake polepole, ndiyo. Kuingia na kutoka kwa kushikwa mikono, ukiwa umekula na umemeza dawa..." Akanitazama. "Siku hiyo hapa ulifanya zaidi ya hayo. Ungeweza."

Ndipo nikamwambia kuhusu mtaro wa Ujiji. Alikasirika kuliko daktari, akaniita mzee mara nne katika sentensi moja. Halafu akaniweka kitandani akanipima, akamwita daktari, nikabadilishiwa kipimo cha dawa. Wiki nzima hakunipandisha baiskeli. Alipoanza tena alianza kama siku ya kwanza, dakika tano za aibu. Kisha akanitoa nje. Nyuma ya hospitali kuna mteremko, tukawa tunaupanda pamoja, yeye pembeni yangu na kile kipima presha begani, mimi nikiongea. Nilipokuwa sina la kusema alinikumbusha, "Mzee." Wiki ya tano alisema twende.

Tulikwenda watatu, asubuhi kabla jua halijapanda, nimekunywa uji na kumeza dawa. Binti yangu alikuwa nyuma yetu. Nilikuwa nimeanza kumwitikia salamu, si zaidi. Njia ile ile ya mchanga niliipanda kwa kusimama mara mbili. Nilipopita ule mtaro nilikuwa nikiwaeleza namna ya kukata kola.

Wanawake wakabaki kwenye ukuta mfupi wa makaburi, nikaingia peke yangu. Binti alikuwa amenielekeza safu. Udongo ulikuwa umeshashuka kwa mvua, na majani yameanza kuota upande wa miguu. Nilimsomea dada, nikamwombea. Nilimwomba radhi pia, kwa sauti, sentensi nzima nzima, na hazikukatika. Niling'oa majani niliyoweza kuyafikia bila kuinama sana. Nilikaa mpaka jua likaanza kuchoma shingo.

Niliporudi ukutani nilikaa kati yao. Kichwa changu kilikuwa kimetulia, nikamgeukia binti.

"Mlinificha kingine?"

Alimwangalia yule msichana. Msichana akanishika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili mahali pake pa siku zote, akainua saa yake. "Mwambie," akasema.

"Shangazi alikuuliza," binti akasema. "Jumatatu na Jumanne. Alikuwa anasema niitieni mdogo wangu."

"Mkamwambia nini?"

"Tulimwambia umesafiri, baba. Umepelekwa Dar kutibiwa. Tuliogopa akijua upo atakupigia, nawe utakuja. Ndiyo maana simu tuliificha."

"Akasema nini?"

Binti alijifunika uso kwa mtandio. Ilibidi nirudie swali.

"Alisema, mbona hakuniaga."

Msichana alikuwa akihesabu. Alihesabu dakika nzima, akataja namba, akangoja, akahesabu tena, akataja nyingine ndogo kuliko ile. Akaniambia moyo uko sawa, mzee, umeweza. Na kweli ulikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniliza, pale ukutani, mchana kweupe, mpaka nikamaliza, na wao wawili wakaningoja.